Kona ya Kalavati

"Nishike wapi?" aliuliza mzee, kana kwamba pikipiki nzima haikuwa na mahali pa kushika.

"Nishike mimi, baba. Kiunoni."

"Sijawahi kumshika dereva maishani mwangu, na sianzi leo."

Akashika vyuma vya keria nyuma yake, akanyoosha mgongo, akatazama mbele. Alikuwa amevaa koti lake zito la safari na kofia ngumu ya bintiye, iliyombana mashavu hadi midomo ikachongoka. Maisha yake yote ya kazi aliendesha malori ya mizigo, na madereva wenzake walimbatiza Mzee Difu, kwa kuwa aliweza kuitambua difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, iliyochoka kwa mlio wake tu, kabla fundi hajalala chini ya gari. Alistaafu bila kuangusha lori hata mara moja. Habari hiyo aliitoa mwenyewe, hata kwa watu waliopita kuuliza njia.

Mkwe wake alipiga kiki. Injini ikakohoa, ikashika.

Mlangoni alisimama mke wa kijana huyo, binti wa mzee, mtoto wao wa kike amejificha nusu nyuma ya gauni. Bega la kushoto la mwanamke lilikuwa bado limeshuka kidogo kuliko la kulia, na pengine litabaki hivyo. Miguuni pake palikuwa na begi. Lilikuwa limefungwa zipu, lakini lilikuwa bado ndani ya kizingiti, na kijana hakuliondolea macho.

Sharti lilikuwa fupi, na mzee alilitoa asubuhi hiyo kwenye kiti, kikombe mkononi. "Nipeleke mimi hadi chini kwenye kalavati, unirudishe. Nikirudi mzima, mchukue mkeo. Nikianguka, au nikiona unachezea roho yangu, binti yangu habanduki hapa. Mtoto utakuwa unakuja kumwona kama mgeni, unakaa kidogo, unaaga."

"Mimi sina neno na wewe," mkewe alimnong'oneza baadaye, akifuta kofia kwa upindo wa khanga. "Lakini nikifumba macho ile kona naiona."

Hata yeye aliiona, tena macho yakiwa wazi.

Waliangukia pale kiangazi, mkewe akiwa nyuma, mtoto kwa bahati njema ameachwa kwa jirani. Haukuwa mwendo wa kasi; hilo angeliapia popote. Walikuwa wanashuka, kona ikaja, na pikipiki ikakataa kukata. Ilikataa tu, ikaanza kwenda nje, upande wa bonde, kwenye changarawe zilizosukumwa pembeni na magari. Alipoona bonde linakuja akashika breki ya mbele. Kosa la mtu anayejifunza, na yeye alikuwa na miaka mingi barabarani. Gurudumu la mbele likatelezea kando, wakalala chini wote wawili, na mkewe akavunjika mtulinga. Baba yake akaja akamchukua kwake, yeye na mtoto.

Tangu siku hiyo alikata kila kona kwa mwendo wa mtu anayebeba maji ya moto. Waendesha bodaboda wenzake kituoni walimpa jina Kinyonga, na likamkaa. Abiria wenye haraka wakawa wanamruka. Alicheka pamoja nao, kwani angefanyaje, lakini kicheko kilimwisha akifika nyumbani na kukuta chumba kimya, na kiatu kimoja kidogo cha mtoto kilichosahaulika chini ya kitanda.

"Twende basi, au tunasubiri jua lizame?" Mzee Difu akasema.

Wakaondoka.

Mvua ilikuwa imenyesha hadi alfajiri, na jana yake greda lilipita kumwaga changarawe mpya ambazo hakuna aliyezishindilia. Mtu asiyejua angesema barabara imetengenezwa. Kinyonga aliiona kama ilivyo: mawe madogo ya mviringo juu ya udongo mwekundu uliolowa, na chini ya miti, ambako jua halikufika, utelezi uliong'aa kama sabuni. Magari machache ya asubuhi yalikuwa yamekwaruza njia mbili nyembamba, na katika njia hizo changarawe zilikuwa zimesukumwa kando. Akachagua mmoja wa mikwaruzo hiyo na kuufuata. Alilegeza mikono. Mikono ikikaza, kila jiwe linalogonga gurudumu linageuza usukani, na hilo alikuwa amejifunza kwa kuumia.

Nyuma yake mzee alikuwa anaendesha pia. Kila mteremko ulipoongezeka Kinyonga alisikia mguu ukikandamiza kijiti cha kukanyagia, tap, mguu wa kulia, mzito. Alikuwa anatafuta breki ya lori.

"Gia," mzee akasema.

"Nimeshashusha, baba."

"Shusha tena."

Akashusha tena, kwa kuwa haikuwa na madhara, na kwa kuwa mkwe ni mkwe.

Kona ya kwanza ilikuwa ndogo, karibu na ukuta wa shule. Kinyonga alipunguza mwendo kabla haijaanza, akaachia breki, akatazama kule ilikoishia. Pikipiki ikaanza kuinama, kisha ikasita. Kitu kiliivuta upande wa pili. Wakatoka kwenye mkwaruzo, gurudumu likatafuna changarawe, wakayumba, wakarudi. Tap tap, mguu ukakandamiza.

"Unaona?" Mzee Difu akapaaza sauti. "Unaona unavyokwenda?"

Kinyonga akalegeza mikono tena. Jasho jembamba lilimtoka mgongoni, na halikuwa la hofu peke yake. Mvuto ule aliujua. Alikuwa ameusahau, au maumivu yaliufunika, lakini mwili wake uliukumbuka sasa hivi: ndivyo pikipiki ilivyokataa siku ile.

Kwenye kona ya pili alijipa jicho moja la kutazama kioo. Akamwona mzee. Pikipiki ilipoinamia ndani, Mzee Difu aliinamia nje, mwili mzima, taratibu, kwa ustadi, kama mtu anayeweka mzigo sawa.

Akasimamisha pikipiki kabla ya mteremko wa mwisho. Kutoka pale kalavati ilionekana, na kona juu yake, na rundo la changarawe ambalo greda lililiacha upande wa bonde. Upande wa mlima kulikuwa na kivuli na utelezi. Katikati ulibaki mkwaruzo mmoja, mwembamba kama mkanda.

"Umeogopa?" mzee akauliza.

"Nimeogopa, baba. Ila nina ombi. Tukiingia pale, tazama bega langu. Likienda, nenda nalo. Usiende upande mwingine."

Mzee akacheka kwa pua.

"Unanifundisha barabara, wewe? Gari likiinamia huku, mtu anakwenda kule. Ndivyo mzigo unavyokaa. Binti yangu alilijua hilo kabla hajajua kuandika jina lake. Nilikuwa namweka kwenye kabini, amesimama, ameshika dashibodi. Namwambia, mama, likienda huku, wewe kule! Akawa anafanya huku anacheka. Mpaka utingo wangu alikuwa anamwiga."

Hapo Kinyonga akaelewa.

Lori likikata kona huinamia nje, na abiria anayejivuta upande wa pili anakwenda ndani, hakuna ubaya. Pikipiki huinamia ndani. Mtu akifuata sheria ileile ya kabini, anaivuta kuelekea bondeni. Yote hayo angeweza kuyasema palepale, na yangekuwa kweli tupu. Angemwambia mzee aliyestaafu bila doa kwamba kilichomvunja binti yake mtulinga ni mchezo aliomfundisha mwenyewe, akicheka naye. Na begi lingerudi chumbani kabla hata hawajageuza.

"Endesha," Mzee Difu akasema.

Akapiga moyo konde, akaachia klachi.

Walishuka kwa gia ya chini, injini ikilalamika. Kidole chake cha breki ya mbele alikuwa amekiondoa kabisa kwenye wenzo, akakikunja pamoja na vingine. Akagusa breki ya nyuma kidogo, kidogo tena, akaiachia. Mkwaruzo ukaja. Akatazama mwisho wa kona, ukingo wa kalavati uliopakwa chokaa, akajikataza kutazama bonde, maana pikipiki huenda macho yanakokwenda.

Ndipo waliposikia lori. Lilikuwa linapanda, limejaa mawe, na dereva wake alikuwa amejitwalia katikati yote, kama wafanyavyo wote wenye mzigo na mlima. Pua yake ikatokeza kwenye kona. Mkwaruzo ukaishia chini ya magurudumu yake.

Palibaki upande wa mlima, kwenye utelezi. Ilibidi pikipiki ikate zaidi, tena sasa hivi, bila breki.

Ikaanza kuinama. Mzee akaenda kule.

Ikakataa. Gurudumu la nyuma likateleza kidogo, likashika, likateleza tena. Honi ya lori ikajaza masikio. Kiganja cha Kinyonga kikataka breki ya mbele, kikaitaka kama mtu anayezama anavyotaka hewa, na akakinyima. Akaacha mafuta yalivyo, asiongeze wala kupunguza. Halafu akapiga ukelele bila baba, bila mzee, bila adabu yoyote:

"Njoo huku! Na mimi! Bega!"

Na mzee akaja. Mikono iliachia vyuma, ikamkumbatia kiunoni, kifua kizito kikaegemea mgongo wake, na kofia ile ya kubana ikagonga yake. Wakawa mwili mmoja. Pikipiki ikakata. Ikapita kwenye utelezi ikitingisha mkia, taratibu mno, lori likawapita kwa karibu kiasi cha kuwapulizia joto la injini, na ghafla chini yao palikuwa saruji, ngumu, kavu. Kalavati.

Akasimama, akazima injini. 

Maji yalipita chini ya daraja. Mikono ya mzee ilikuwa bado kiunoni pake, imeshikana vidole, na haikuwa na haraka ya kuondoka. Kinyonga alingoja atukanwe. Alikuwa amemkemea baba mkwe kama anayemwita mbwa.

"Siku ile," Mzee Difu akasema hatimaye, "yeye alikwenda upande gani?"

"Mimi ndiye niliyeshika breki ya mbele, baba."

"Sikuuliza breki."

Kinyonga akatazama tangi la mafuta. Kwenye tangi kulikuwa na mkwaruzo wa siku ile, alioupaka rangi isiyofanana. Alimpenda mkewe, na wakati huo, ajabu, alimpenda na huyu mzee mkaidi mwenye koti lililorukiwa matope. Akausugua mkwaruzo ule kwa kidole.

Mzee akashuka. Alitembea hadi kwenye changarawe, akazisogeza kwa ncha ya kiatu, akasimama palepale walipoangukia. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha mahali hapo. Pengine alikuja mwenyewe zamani, peke yake, kutazama. Akainamisha bega moja upande wa mlima. Kisha akainamisha lingine upande wa bonde, polepole, akabaki hivyo.

"Alikuwa anacheka," akasema. "Kila kona."

Aliporudi alipanda bila kuuliza pa kushika.

Njia yote ya kupanda hakusema gia wala mwendo. Kwenye kona ya shule Kinyonga alisikia uzito nyuma yake ukiinama pamoja naye, kwa kuchelewa kidogo, kama mwanafunzi anayesoma baada ya mwalimu.

Mkewe alikuwa bado mlangoni. Aliwatazama wote wawili kuanzia kichwani hadi miguuni, akihesabu viungo, akaona matope lakini hakuona damu.

"Baba, vipi?"

Mzee Difu alishuka kwenye pikipiki. Alijivua kofia, masikio yakiwa mekundu, akaenda ukutani, akalivuta benchi refu la mbao hadi katikati ya uwanja. Akalipanda kwa kutanua miguu, mikono mbele, ameshika hewa.

"Njoo ukae nyuma yangu, mama," akamwambia bintiye.

"Baba?"

"Njoo. Kuna kitu nilikufundisha vibaya."

Mwanamke akamtazama mumewe. Mumewe akatazama chini. Basi akaenda, akakusanya gauni, akakaa nyuma ya baba yake, na baada ya kusita akamshika kiunoni kwa mkono wa kulia, kisha na ule wa bega lililoshuka.

"Tazama bega langu," mzee akasema. "Likienda, nenda nalo. Sahau ya kabini. Haya. Kona inakuja."

Akainama kulia. Bintiye, kwa mazoea ya utotoni, akaenda kushoto.

"Hapana, mama. Tena."

Mtoto akatoka mbio, akapanda nyuma ya mama yake bila kualikwa, akaanza kunguruma kama injini. Kinyonga alikwenda kizingitini, akachukua begi, akalifunga kwenye keria kwa mpira, akakaza, akajaribu kwa mkono kama linacheza. Halikucheza. Wingu jingine lilikuwa linapanda juu ya mlima, na ingekuwa busara kuondoka kabla halijafika, lakini hakuwaita. Alisimama karibu na pikipiki, ufunguo mkononi, akiwatazama watatu wale juu ya benchi kavu wakiinama kulia, wakiinuka, wakiinama kushoto, kila safari mama akichelewa kidogo zaidi ya mtoto.