Mraba Kifuani mwa Isakwisa

Mwaka 1957 mume wangu Isakwisa alikuwa hawezi kulala ubavu. Alichimba asbesto migodini huko kusini, ng'ambo ya mpaka, miaka sita, jiwe linalochambuka kama pamba, na sasa kifua kilimuuma hata akicheka. Nikaacha kumchekesha. Wanaonijua wanaelewa nilivyoteseka.

Tukapanda lori Igawa mpaka hospitali moja ya Iringa. Daktari akasema kuna uvimbe kwenye utando wa pafu. Kisu hakiuwezi, ila ipo mashine ya mionzi.

"Itamponya?" nikauliza.

"Hapana, mama. Itampunguzia maumivu."

Nikaanza kumshuku. Mganga gani haahidi kuponya? Hata waongo wa kwetu huahidi!

Siku ya pili Isakwisa akarudi wodini kachorwa mraba wa zambarau kifuani. Nikashtuka. Sisi tuliouza ng'ombe mnadani Rujewa tunaijua rangi: ng'ombe akishapakwa, harudi zizini.

"Baba Tupokigwe," nikamnong'oneza, "umeshanunuliwa."

"Nani anunue mgonjwa?"

"Hata ng'ombe wa kukohoa hupata mnunuzi."

Nikampeleka bombani na dodoki na sabuni, nikasugua mpaka akalia kama ndama. Rangi yote ikaenda na maji.

Kesho yake dresa Silvester, msaidizi wa daktari, Mhehe mwenye kitambi, alimfungua shati akashika kichwa.

"Nani kamwosha?"

"Mimi. Kwetu wagonjwa huoga. Kwenu je?"

"Mama, mchoro ule ndio unaoonyesha pa kupiga! Bila huo tutachoma nyama nzima, uvimbe tuuache. Na aliyepima kasafiri mpaka Jumatatu."

Siku tano nzima Isakwisa alilala ameketi, ameegemea mgongo wangu, anaguna. Hakunilaumu hata neno. Heri angenitukana.

Jumatatu wakachora upya, wakaanza kumpiga mionzi. Sikuacha kuwashuku, lakini mraba niliulinda. Hata mchungaji wa kanisa alipokuja kumwombea akataka kumkumbatia, nilimpa mkono wangu aushike.

Wiki ya nne Isakwisa akasema, "Mama Tupokigwe, hebu sogea." Akalala ubavu. Akakoroma kama mashine ya kukoboa mpunga, nami nikamwacha akorome.

Aliishi miezi minane tena. Rangi ilikwisha kutoka, lakini ngozi ndani ya mraba ilibaki nyeusi kama kitako cha sufuria. Siku ya kumwosha mara ya mwisho, wifi zangu wakanipa dodoki. Nikasugua mgongo, nikasugua miguu. Pale kifuani nilipitisha kiganja tu.