Ndege Iliyojaa Ndugu

Tangu nusu ya nchi ikatae matokeo ya uchaguzi, ndege ilikuwa ikiruka na viti vyake tu. Wafanyabiashara walijifungia majumbani, watalii walishaondoka zao, na wenye shughuli za lazima waligundua kwamba hazikuwa za lazima kiasi hicho. Mhudumu wa ndege aliendelea kusimama mbele kila asubuhi akivionyesha viti vitupu jinsi ya kufunga mkanda, mpaka siku moja rubani akamwambia kwa kipaza sauti, "Vimeelewa, kaa sasa." Wenzake wengi walishapewa likizo isiyo na mshahara, na alijua zamu yake inanukia.

Ndipo meneja alipowaita wafanyakazi. Walimwita Tai, na hakuna aliyejua kama ni kwa sababu ya ile tai nyekundu aliyoivaa hata kwenye joto kali, au ni kwa jinsi alivyowatazama watu kutoka juu.

"Jumamosi runinga wanapanda na sisi," alisema. "Wanakuja kupiga picha za msiba wetu, ndege inayoruka tupu. Sasa watakuta ndege imejaa. Kila mmoja alete ndugu zake. Tutapaa, tukifika njiani rubani atatangaza kwamba mbele kuna mvua kubwa, tutarudi. Kufika mpaka mwisho ni mafuta, na mafuta tunakopa. Mvua haina wa kuilaumu. Na hao ndugu wavae kama watu wenye haraka."

Mhudumu hakuwa na ndugu wa kuchagua. Alilelewa na shangazi yake, mpishi wa shule aliyestaafu, mwanamke mnene mwenye sauti iliyozoea kuita watoto kutoka upande wa pili wa uwanja.

"Nitakuwa nani?" Shangazi aliuliza.

"Abiria, Shangazi. Utakaa tu."

"Abiria ana kazi yake, mwanangu. Nitakuwa muuza mbao."

Jumamosi akafika uwanjani na sanduku kubwa la magurudumu lililojaa mito ya kitandani, miwani ya jua usoni, akampita mpwa wake mlangoni kama hamjui. Nyuma yake waliingia wajomba wa wapakia mizigo, mama mkwe wa mhasibu, na binamu za kila aina, wakisukumana kugombea dirisha. Kilichomtia mhudumu baridi ni mtu aliyeingia mwisho, mwembamba, kisanduku kidogo kifuani. Huyo hakuwa ndugu wa mtu. Tai alikuwa amesahau kufunga mauzo, na mtu mmoja, katika nchi nzima, alikuwa amenunua tiketi.

"Ni fundi wa meno ya bandia," mhudumu alimnong'oneza Tai. "Kuna mzee kule anasubiri meno yake."

"Atasubiri," alisema Tai. "Fungua juisi."

Ndege ilipotulia angani, kengele ya kumwita mhudumu ililia. Alikuwa Shangazi.

"Dada," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka mkiani, "chai hii imepoa."

"Samahani, mama. Nitakubadilishia."

"Na biskuti. Ukileta moja utarudi tena, kwa hiyo leta nyingi."

Mhudumu aliuma meno asicheke. Mtangazaji wa runinga akavutwa na ile sauti, akasogea na mpiga picha wake.

"Mama, huogopi kusafiri na hali ilivyo nchini?"

"Naogopa barabara," alisema Shangazi, akivua miwani taratibu. "Huku juu nani atachoma matairi?"

Ndege nzima ikacheka, hata mpiga picha, na Tai akajipangusa shingo kwa furaha. Kisha sauti ya rubani ikasikika, nzito kama ya mtu anayelazimishwa kusoma, ikitangaza mvua kubwa mbele na safari ya kurudi nyumbani. Bawa likainama.

Fundi wa meno akatazama dirishani. Mbingu ilikuwa safi, hakuna hata wingu la kufutia machozi.

"Mvua gani?" aliuliza kwa upole. "Mimi nimelipa nifike. Mteja wangu anakunywa uji tangu mwezi uliopita."

Kamera ikamgeukia. Tai akafungua kinywa, kisha Shangazi akasimama katikati ya njia.

"Na mbao zangu?" alisema. "Nani atazipokea? Tumelipa, tufikishwe."

"Tumelipa," akadakia mama mkwe wa mhasibu, ambaye hakuwa amelipa hata nauli ya kuja uwanjani. Ikawa wimbo. Tai aliwatazama mmoja mmoja, akaitazama kamera, na akaona hakuna namna ya kumwambia abiria yeyote kwamba si abiria. Akaenda mbele kwa rubani, miguu mizito. Rubani alikuwa amejaza mafuta ya safari nzima bila kumwambia mtu. Hakuwahi kumwamini Tai. Bawa likanyooka, na watu wakapiga makofi.

Walitua salama, wakakuta mji umewekewa amri ya kutotoka nje kuanzia jioni. Ikabidi kampuni iwalaze wote hotelini, na mwenye hoteli, ambaye naye alikuwa hajaona mgeni kwa muda mrefu, aliwapokea kama wanawe waliopotea. Shangazi alitoa mito yake sandukuni akaigawa.

"Ungenifukuzisha kazi, Shangazi," mhudumu alimwambia walipokuwa wawili kwenye baraza.

"Najua. Nisamehe. Lakini maisha yangu yote nimekuwa nikiziona ndege zikipita juu ya jiko langu. Leo nimepanda, halafu nirudishwe nilipotoka? Nilitaka nishuke mahali."

Mhudumu alitaka kukasirika, akakuta hasira haiji.

Taarifa ya runinga ilionyeshwa Jumatatu, na maneno ya Shangazi kuhusu matairi yakawa mdomoni mwa kila mtu. Wiki ile wakapatikana abiria wa kweli, wachache, lakini wa kutosha kazi ya mhudumu isiguswe. Tai aliwatangazia wakubwa kwamba mpango ulikuwa wake tangu mwanzo. Kisha akawaita wafanyakazi, akauliza kwa sauti ndogo kama Jumamosi ijayo ndugu zao watakuwa na nafasi.

Walikuwa nayo. Mama mkwe wa mhasibu alitaka tu kujua kama safari hii hoteli ina bwawa la kuogelea.