Lenzi Yenye Ukungu

Ijumaa mchana mwalimu alirudi studio na picha zake nne za pasipoti, akazibwaga juu ya kaunta kama mtu anayerudisha nyama iliyooza.

"Fundi, ofisini wamezikataa."

Mpiga picha hakuuliza kwa nini. Picha mbili zilikuwa zimebaki na utepe mweupe upande wa kushoto. Ya tatu ilikuwa imekatwa ukingo wa sikio. Ya nne ilikuwa imekwenda upogo tu, juu nyembamba, chini pana. Karani alikuwa amezizungushia kalamu nyekundu zote.

"Nimepanga foleni tangu alfajiri," mwalimu akasema. "Nafika dirishani naambiwa sikio halipo. Fundi, nitazame. Sikio sinalo?"

"Unalo, mwalimu. Niwie radhi. Kaa hapo nikutolee nyingine."

Alichapa nyingine, akazikata mwenyewe kwenye kona ya kaunta, taratibu, ulimi nje. Mkewe alikuwa pale pale kwenye meza ya kukatia, anafuta vumbi ambalo halikuwepo. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mwalimu alikuwa wa tatu wiki hiyo.

Kwa miaka ishirini na sita kazi yao ilikuwa imegawanywa hivi: mume anapiga, mke anakata. Wengine mtaani walikata kwa rula na wembe. Mke alitumia mkasi mtupu, anazungusha karatasi kwa vidole vya kushoto, na picha inadondoka imenyooka kama imekatwa kiwandani. Makarani wa ofisi walikuwa wakiwaambia watu, nendeni kwa yule mama. Halafu, kidogo kidogo, mkono ukaanza kuharibika. Mume alisema, "Mama, angalia unachofanya." Mke akajibu, "Mashine yako ndiyo inachapa upande." Wakagombana, wakapatana, wakagombana tena. Juzi mume alikwenda kwa dada yake wakapanga: binti wa dada aanze kukata Jumatatu. Lililobaki ni kumwambia mke, na neno hilo lilikuwa siku ya pili limekwama kooni, halimezeki wala halitemeki. Kumtoa mtu kwenye meza aliyokaa miaka yote hiyo si jambo la kusema huku unakunywa chai.

Na mume mwenyewe alikuwa amechoka. Hakuumwa, alichoka na nyuso. Kidevu juu kidogo. Usicheke. Funga mdomo. Asante, mwingine. Ukifanya hivyo nusu ya umri wako, uso wa mtu unakuwa kama sahani: unaosha, unaweka, unaosha nyingine. Ndiyo maana, miezi minane nyuma, alipoona projekta mbovu kwa muuza vyuma chakavu, aliing'oa lenzi yake akaondoka nayo. Ilikuwa gogo zito la vioo, na ndani yake ukungu umetanda kama utando wa buibui. Mtu mwenye akili angeitupa. Yeye alikata kipande cha bomba la maji, akatoboa kifuniko cha kamera katikati, akaunganisha vitu hivyo kwa gundi, utepe mweusi na mpira wa tyubu ya baiskeli. Hapakuwa na pete ya kuzungusha. Ukitaka kulenga, unavuta bomba na kulisukuma kwa vidole kama mtu anayekama ng'ombe. Na hata ukamue vipi, hutoki na kitu kinachoeleweka. Unapata rangi tu, zimelala juu ya rangi nyingine, na kila taa imeota ndevu.

Alizipenda picha zile. Hakujua kwa nini. Saa zisizo na wateja alitoka nje na lile dubwana, akalenga chochote, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakujua kitakachotoka. Kumi na moja alizibandika ukuta wa nyuma.

Kinyozi wa mlango wa pili ndiye aliyekuwa wa kwanza kuziona.

"Jirani, hii nini? Uji umemwagika?"

"Ni mwanga."

"Mwanga gani unaharisha hivi? Mwite daktari."

"We huna jicho la sanaa."

"Jicho ninalo. Ninanyoa watu kwa hilo hilo, na sijamkata mtu. Watu wanakuja kwako waonekane, wewe unawafuta!"

Mpiga picha alicheka naye, lakini iliuma. Wateja nao walitazama ule ukuta, wakakohoa, wakauliza picha zao zitakuwa tayari saa ngapi. Mke hakuwahi kusema lolote. Alipita na ndoo, akapita na ufagio, kana kwamba ukuta ule haupo.

Basi Ijumaa ile, mwalimu alipoondoka, mume akasema moyoni, leo au basi. Akaenda kusimama ukuta wa nyuma, mbali na dirisha la barabarani.

"Mama watoto, hebu njoo tuzungumze."

Mke alikuja, anajifuta mikono kwenye kanga. Alijua wito si wa heri, na mtu anayejua hivyo hutafuta pa kupumzisha macho. Akayapumzisha ukutani.

"Hili karai la kinyozi," akasema, "umelipiga vizuri."

"Nini?"

"Karai lake. Na taulo mbili kwenye kamba."

Mume akageuka. Palikuwa na bonge jekundu, na juu yake mabaka mawili ya weupe. Ni kweli, lilikuwa karai na taulo. Lakini hakumwambia mtu, na mwenye karai alisimama hapo hapo akasema uji.

"Na hii?"

"Getini kwetu, taa imewaka."

"Hii?"

"Mimi hiyo, natoka bombani. Ndoo mkono wa kushoto." Akacheka kidogo. "Hukuniambia unanipiga."

Moyo wa mume uliruka kama wa kijana. Miezi minane ya kuchekwa, kumbe mtu aliyemwelewa analala naye kitanda kimoja! Neno la kooni likasahaulika. Akachungulia mlangoni akapaza sauti.

"Kinyozi! Njoo uone mwenye jicho!"

Kinyozi akaja na kitana mkononi. Mke akaulizwa tena, akataja tena, moja baada ya nyingine bila kukwama: mlango wa duka la viatu, mwavuli, paka juu ya bati. Kinyozi akatoa macho.

"Shemeji, hapo kwenye karai umejuaje?"

"Si ndivyo lilivyo?"

"Ndivyo lilivyo wapi? Karai langu lina ufa hapa, na nimeliandika KINYOZI kwa rangi nyeupe, herufi kubwa kama mkono, wasije wakaliiba. Hapa kuna herufi?"

Mke akasogeza uso karibu na picha. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Limeandikwa?"

Kinyozi akamtazama mpiga picha. Mpiga picha akamtazama kinyozi. Karai lile lilikaa nje ya mlango wao kila siku ya Mungu, na mke alilipita mara kumi kwa siku.

"Nina mteja kichwa nusu," kinyozi akasema, akaondoka bila mzaha mwingine.

Mke akarudi kwenye meza yake akakaa. Mume akamfuata. Sasa aliyaona mambo yote kwa mpigo, na aliona haya. Meza iliyosogezwa dirishani, eti kwa sababu ya joto. Simu aliyopewa mume kila siku, "nisomee, mikono ina gundi." Chai iliyomwagwa kando ya kikombe. Na yeye akaita hayo yote uvivu. Mtu ambaye kazi yake ni kutazama watu.

"Tangu lini?"

"Jicho la kulia mwaka jana. La kushoto lilifuata."

"Ulikuwa unakataje?"

"Kwa mazoea. Vidole vinajua."

"Na hukuniambia."

"Nikwambie uniondoe hapa?"

Palikuwa na nafasi ya kudanganya, na angeweza. Akasema, "Nimeshaongea na binti wa dada. Aanze Jumatatu."

"Najua. Dada yako tumbo lake halikai na siri."

Mume akachukua kamera yenye lile bomba, akamlenga mkewe pale mezani. Akavuta, akasukuma. Hapakuwa na macho wala mdomo. Palikuwa na doa la hudhurungi, na juu yake wingu la kitambaa. Mkasi haukuonekana kabisa. Akaishusha.

"Na mimi nikoje?"

"Wewe nakujua kwa kikohozi."

Mume alifunga studio kabla ya saa kumi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba wa mama yake. Hospitali ya macho walikaa kwenye benchi refu na watu waliofumba jicho moja moja. Daktari, mama mwembamba asiye na maneno mengi, aliwasha kitochi, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Mtoto wa jicho, pande zote. La kulia tulitoe kwanza, wiki ya sita kuanzia leo. Ungekuja mapema, mama."

"Nitakata?" mke akauliza.

"Kukata nini?"

"Picha."

"Hilo nitakujibu siku ya kutoa bandeji. Siahidi nisichokiona."

Njia nzima ya kurudi mke alimshika mume mkono, jambo ambalo naye hakuwa amelifanya siku nyingi. Kila penye ngazi mume alisema "ngazi," na kila penye mfereji alisema "mfereji," mpaka mke akamwambia anyamaze kidogo, anasikia kama anasafiri na kondakta.

"Nimwambie binti asije?" mume akauliza.

Mke akapapasa ukingo wa mfereji kwa kiatu, akavuka.

"Aje. Wateja hawawezi kukatwa masikio wiki sita. Lakini meza haachiwi. Nitakaa naye. Na mwambie asije na rula, sitaki kuiona."

"Huwezi kuiona."

"Basi sitaki kuisikia."

Jumatatu binti alikuja, ana kucha ndefu na woga. Mpiga picha akapiga uso wa kwanza, akauchapa, akaupeleka mezani, akasimama kando hajui aweke wapi mikono yake. Mke alimkalisha binti kwenye kiti chake, yeye akakaa kwenye kigoda ubavuni. Akapapasa mpaka akaukuta mkono wa binti wenye mkasi, akauweka wake juu.

"Usibane. Ukibana karatasi inakimbia. Kidevu kiko wapi?"

"Hapa, mama."

"Anzia huko. Mkono wa kushoto ndio unaotembea, mkasi unakaa. Haya."

Mkasi ukatembea. Picha ikadondoka, imekwenda upogo.

"Nisomee makosa," mke akasema.

"Juu ni nyembamba."

"Leta nyingine."