Mlango wa Buluu

Mzazi mwenzangu, ukimpeleka mtoto mji ule wa kisiwani wenye bandari ya kale, mpe alama isiyo na pacha. Mimi niliteremka botini na binti yangu wa miaka saba, nikamwambia, "Tukipotezana, simama kwenye mlango wa buluu." Nilikuwa nimeuona mmoja tu, pale karibu na gati.

Tukaingia vichochoroni. Mji ni mzuri, sisemi uongo. Ngazi za mawe zimelika katikati kwa nyayo za watu wa zamani, na roshani za mbao zimechongwa mpaka shingo ikaniuma kwa kutazama juu. Nilipoteremsha macho, mkono wangu ulikuwa mtupu.

Nikakimbia hadi mlango ule wa gatini. Hayupo. Fundi boti aliyekuwa akipaka rangi akaniuliza nina nini, nikamweleza.

"Mlango wa buluu?" akashangaa. "Dada yangu, rangi ya boti ikibaki tunapaka milango. Mji mzima ni buluu!"

Akaweka brashi chini, tukapita mlango baada ya mlango. Kwenye wa kumi na moja tukamkuta ameketi kizingitini, mgongo wima.

"Mama, umechelewa," akasema. "Mimi sijabanduka."

Nilimkumbatia nikilia. Fundi akatuonyesha mnara wa saa juu ya mapaa. "Ule uko mmoja tu."

Tukaendelea kutembea, maana uzuri wa mji ulikuwa haujaisha, ila safari hii roshani nilizitazama kwa jicho moja.