Asili ya Ciao, Mezani kwa Profesa

Binti yangu Phoebe alikuwa aposwe kwetu Taveta Jumamosi ijayo, na tiketi nilikuwa nayo. Kilichokosekana ni khurujia, ile karatasi anayotia sahihi mwajiri ndipo utoke Qatar. Wiki nzima Profesa Henry, niliyemfanyia kazi za nyumbani, alikuwa akiniambia kesho, kesho.

Ijumaa, baada ya ibada kwenye makanisa ya Mesaimeer, Loice, mfanyakazi mwenzangu wa nyumbani, akanipa akili. “Muombe mbele ya wageni, dada. Hawa watu huogopa aibu. Atasaini tu.”

Basi kesho yake mchana, wiki moja kabla ya posa, nikapakua biriani huku Profesa, bingwa wa lugha za Ulaya, akiwapigia wageni soga kuhusu ciao, neno la Kitaliano la kuagana. Eti zamani Waslavi, watu wa Ulaya Mashariki, walitekwa na kuuzwa kwa wingi mpaka jina lao likawa ndilo neno la mtumwa: sclavus kwa Kilatini, esclave kwa Kifaransa, Sklave kwa Kijerumani, slave kwa Kiingereza. Watu wa Venisi nao wakasalimiana kwa kusema mimi mtumwa wako, schiavo, na neno likasagika likabaki ciao. Leo Mjerumani anaagana tschau, Mcheki čau. Wageni wakacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Watu wameuzwa, wamekwisha, na jina lao limebaki la kuagania mkahawani!

“Miriam,” akanigeukia, “waeleze shikamoo.”

“Ni heshima kwa mkubwa. Wengine husema maana yake nashika miguu yako.”

Wakapiga makofi. Nikaona nafasi ndiyo hiyo. “Na ile khurujia yangu, Profesa. Naomba utie sahihi leo.”

Makofi yakakatika. Mama mmoja akauliza, “Kwani hawezi kwenda kwao mpaka umruhusu?”

“Ni taratibu tu za hapa,” Profesa akasema, shingo nyekundu, akaomba chumvi.

Walipoondoka alinifuata jikoni. “Umenivunjia heshima mbele ya wenzangu. Utasafiri muhula ukiisha.” Nikaomba, nikalia. Aliyasema kwa upole, na upole ule ninauchukia hadi leo.

Siku ya posa Phoebe akanipigia simu. Nyuma yake niliwasikia wakwe wakiimba langoni.

“Mama, wanauliza nani akae kwenye kiti chako.”

Nilikuwa nikipiga pasi mashati ya Profesa. Nikamwambia amkalishe shangazi yake.