Beleshi Liliponyamaza

Fumie alikuwa jikoni akikata figili, sikio lake lote liko juu ya paa. Krr, beleshi linakwangua. Puu, theluji inaanguka. Maadamu milio hiyo inapokezana, mumewe Kenzo yu hai, naye anaweza kuendelea na figili zake.

Mtaani kwao, huko Akita, kaskazini mwa Japani, hakuna mwenye akili timamu anayepanda paani kuondoa theluji peke yake. Mmoja hupanda, mwingine hubaki chini ameshika kamba, na mshika kamba wa Kenzo siku zote alikuwa jirani yao Gonda. Lakini mwaka jana Kenzo, kwa pupa yake, alifunua mfereji wa mtaa wa kutupia theluji, ambao kila nyumba ina siku yake ya kuutumia, siku isiyo zamu yao, akaujaza mpaka ukaziba, na maji yakaingia sebuleni kwa Gonda. Kuomba radhi? Kenzo yule! Tangu hapo wanaume hao wawili hawasalimiani.

"Ngoja nikamwite Gonda," Fumie alimwambia asubuhi. "Jua limetoka, mabati yanateleza."

"Nimsumbue mtu kwa paa langu? Thubutu!"

"Basi kamba nishike mimi."

"Wewe? Nikiteleza si utapaa wewe, mama!" Akacheka mwenyewe, akapanda, kamba akaiacha msumarini.

Krr. Puu. Krr.

Ghafla ukaja mshindo uliotikisa vyombo kabatini. Baada yake, kimya.

Fumie alitupa kisu akatoka mbio bila koti. Ngazi ilikuwa imesimama pale pale. Upande wa jikoni paa lilikuwa tupu, bati jekundu linang'aa juani, na chini yake lundo la theluji lilikuwa limefika dirishani. Alitaka kupiga kelele, lakini aibu ya mwaka mzima ikamzuia kidogo, naye akajichukia kwa kusita huko.

"Gon..."

Hakumaliza. Gonda alikwishaingia getini akikimbia, buti moja halijavutwa vizuri.

"Alikuwa upande gani?"

"Huu huu! Umejuaje?"

"Tangu asubuhi nasikiliza beleshi lake, shemeji. Likanyamaza."

Fumie alinyakua beleshi la chuma lililokuwa ukutani. Gonda akampokonya.

"Utampasua kichwa! Mikono!"

Wakachimba kwa mikono. Theluji ikishaporomoka hushikamana kama saruji, na kucha za Fumie zilikuwa zinatoka damu bila yeye kujua. Gonda alichimba huku akitukana.

"Kenzo! Mbishi mkubwa we! Ukifa leo mazishini siji, umesikia?"

Ikatokea glovu. Kisha bega, kisha uso, umegeuka rangi. Gonda alimtoa theluji mdomoni kwa kidole, akampiga mgongoni, akampiga tena. Fumie alikuwa akiomba kwa sauti, maneno hayaeleweki. Kenzo akakohoa.

Walimfukua mpaka kiunoni kabla hajafumbua macho. Alimtazama mkewe. Kisha akamwona Gonda, amepiga magoti, amekumbatia bonge la theluji, anageuka alitupe nyuma yake kulikokuwa na mfereji.

"Gonda," akasema kwa shida. "Usitupe huko. Leo si zamu yetu."

Gonda akabaki na bonge lake kifuani, analia waziwazi, hajui aliweke wapi.