Karatasi Mbili za Moyo

Mume wangu Geresom ndiye aliyenitoa Mbale kunipeleka Jinja nikapimwe moyo. Yeye alijiona mzima kama fahali. Sisi ni askari jela, tumekimbia pamoja miaka ishirini na moja, na kesho yake timu yetu ilikuwa na mbio ndefu. Afande Gidudu, mkuu wa timu, alishasema: aliyevuka miaka arobaini bila karatasi ya daktari hakimbii.

“Moyo wa mwanamke ni wa kuku,” Geresom alinitania njiani. “Wakikukataza usilie.”

“Kuku huyu amezaa watano na bado unakula vumbi lake mlimani.”

Hospitalini alilala yeye kwanza kitandani, eti nisiogope nyaya za mashine. Daktari Ramlah akatazama mchoro wa mapigo, akautazama tena, akamwita mwenzake. Mzaha ukanikaukia mdomoni. Kisha nikapimwa mimi.

“Wako mzuri, mama. Umepanuka kidogo tu. Wa mzee ndio unanitia wasiwasi.”

“Daktari, tumekimbia njia moja. Tunakula sahani moja.”

“Najua. Ila moyo wa mwanamume na wa mwanamke haipokei mbio ndefu sawasawa. Wa mwanamume hupanuka zaidi, na huo peke yake si ugonjwa. Lakini baadhi ya wanaume waliokimbia miaka mingi tunawakuta na makovu kwenye msuli wa moyo. Mapigo ya mzee yanarukaruka. Asikimbie mpaka apimwe zaidi Kampala.”

Nje, Geresom akaikunja karatasi yake mara nne, akaisukuma mkobani mwangu.

“Mama Phiona, mwambie afande yangu haijatoka. Nikimaliza hii nitapumzika.”

“Utapumzikia wapi, baba? Kitandani au kaburini chini ya migomba?”

Hakucheka. Tukatembea kwenda Kimaka, timu ilikofikia. Kila alipokohoa, nilisimama.

Afande Gidudu alikuwa mezani na orodha ya wakimbiaji. “Janepher, leteni karatasi.”

Geresom akanikazia macho, yale anayowatolea wafungwa. Miaka yote hiyo sijawahi kumuumbua mbele ya mkubwa. Nikashika mkoba. Zipu ikakwama. Nikaivuta kwa nguvu, nikaweka karatasi zote mbili mezani.

Afande akasoma polepole, akalikata jina moja kwa kalamu. Geresom akapiga saluti, akatoka bila kunitazama.

Nikamfuata nyuma, macho mgongoni kwake. Anune tu, hata mwezi mzima. Anayenuna anapumua.